Chura wa Kihansi: nani alimnyima nani umeme?

Swali: "Shikamoo Daktari. Mimi ni kijana kutoka Bonde la Kilombero, nasoma ufundi umeme mwaka wa pili. Nyaya za msongo mkubwa za Kihansi zinapita jirani kabisa na shamba la mzee wangu, ila mimi darasa la kwanza mpaka la saba nimesomea kibatari. Juzi mwalimu katusimulia habari za vyura wa Kihansi: wamefungiwa mabomba ya kuwanyeshea mvua, wamepandishwa ndege kwenda Marekani, wamerudishwa, mabilioni yamekwenda. Nimechukia. Chura mwenye ukubwa wa ukucha ana faida gani? Ninyi watafiti mlipata wapi haki ya kumweka mbele ya binadamu? Halafu nasikia ninyi wenyewe mnawaua kwa ajili ya utafiti. Mlijua wapi pa kuishia? Naomba jibu la ukweli, si la semina. Na kama inawezekana, nataka siku moja niwaone."

Marahaba, mwanangu. Hasira yako naielewa, na sitaanza kwa kukwambia kwamba chura ni kiumbe mzuri. Tuanze na hesabu, maana wewe ni mtu wa umeme na unaweza kuikagua mwenyewe.

Mto Kihansi unatoka nyanda za juu za Udzungwa na kuangukia bondeni kwenu. Pale kwenye ukingo wa milima maji yanateremka karibu mita 850 ndani ya kilomita chache tu. Wajenzi waliweka ukuta wa bwawa huko juu, wakachimba handaki ndani ya mwamba, na chini wakafunga mashine tatu za megawati 60 kila moja. Jumla 180. Mtambo ulipokamilika mwaka 2000, Kidatu ilikuwa na megawati 204, Mtera 80, Pangani Mpya 68, Hale 21 na Nyumba ya Mungu 8. Jumlisha, utaona Kihansi peke yake ilikuwa karibu theluthi ya umeme wote wa maji nchini. Si kitu cha kuchezea, na simlaumu hata kidogo aliyetaka kuujenga.

Sasa chukua mita moja ya ujazo ya maji kila sekunde, yaani tani moja, uiangushe mita 850. Zidisha kwa 9.81, kata kinachopotea kwenye bomba na mashine, utabaki na megawati 7 na kitu. Mto wenyewe una wastani wa mita za ujazo 16 hivi kwa sekunde. Yanayoachiwa yapite kwenye maporomoko tangu mtambo uanze kwa kawaida hayazidi 2. Hata ukiyaandika yote kwenye daftari la chura, deni lake halizidi megawati 14 au 15, tena wakati wa kiangazi. Masika ni habari nyingine: mashine zote tatu zikikimbia zinameza kama mita za ujazo 25, na mto ukijaa kupita hapo maji yanamwagika juu ya ukuta bila kumpunguzia mtu hata wati moja.

Wahenga walisema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Kihansi ng'ombe alikunywa sehemu tisa katika kumi.

Kwa hiyo kibatari chako kisimwangukie chura. Unajua kuliko mimi kwamba waya wa kilovolti 220 ukipita juu ya mahindi ya mzee haumwashii mzee taa. Panatakiwa kituo cha kupoza umeme, transfoma, nguzo za kushukia kijijini, na mtu mwenye bajeti ya hayo yote. Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi 2007, miaka saba baada ya Kihansi kuzunguka kwa nguvu zake zote. Miaka hiyo saba umeme wa milima yenu ulikuwa unaenda mjini, na chura hakuwa na kura kwenye uamuzi huo.

Nimeanza na hili kwa sababu tangu zamani hadithi inasimuliwa kama ugomvi wa wawili, chura huku na taa kule, na kila mtu anaulizwa yuko upande gani. Nimekaa na kesi hii muda mrefu na sijawahi kuuona ugomvi huo. Taa ilishinda siku ya kwanza. Nilichokiona ni swali lililoulizwa kwa kuchelewa, na gharama ya kuchelewa ikatafutiwa wa kuibeba.

Nikuonyeshe mwenyewe huyo wa ukubwa wa ukucha. Dume hafiki sentimita 2, jike anakaribia 3. Rangi yake ni ya njano ya dhahabu, kama ganda la ndizi iliyoiva vizuri. Kwa nje hana sikio. Ukimshika jike mwenye mimba na kumwinua kwenye mwanga, ngozi ya tumbo inapitisha nuru, unawaona watoto ndani, vidoa vyeusi vimekunjana. Chura huyu hatagi mayai dimbwini na hana viluwiluwi. Anazaa. Mtoto anatoka akiwa chura kamili, miguu minne, mrefu milimita 5. Wewe ni mtu wa Kilombero, mchele unaujua: ni chenga moja ya mchele yenye miguu, inaruka.

Makazi yake yalikuwa majani yaliyoloweshwa na manyunyu ya maporomoko usiku na mchana, mwaka mzima. Maji yakipiga mwamba yanapasuka na kuwa mvuke baridi, upepo wa maporomoko unausukuma juu ya mteremko, na mteremko huo haujawahi kujua ukavu. Ukijumlisha vipande vyote vya makazi hayo unapata kama hekta 2, sawa na viwanja vitatu vya mpira. Ndiyo dunia yake yote. Hakuna pengine alipopatikana, si Morogoro, si Afrika, si popote.

Alionekana kwa mara ya kwanza 1996. Ujenzi ulikuwa umeshaanza. Tathmini za awali hazikumwona, na sishangai: korongo lile ni la kushuka kwa kushikilia mizizi, mawe yanateleza, na kule chini maporomoko yanaziba masikio kiasi kwamba mnazungumza kwa mikono. Watafiti waliokuja kufanya ufuatiliaji wa ikolojia ndio waliomkuta, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakiwamo, na mwishoni mwa miaka ya 1990 akapewa jina la kisayansi, Nectophrynoides asperginis. Hilo neno la pili linatoka kwenye Kilatini cha manyunyu. Kwa hiyo alipewa jina la manyunyu wakati handaki la kuyaondoa manyunyu lilikuwa tayari linachimbwa.

Hebu fikiria kama angeonekana miaka mitano kabla. Mchoro ungeweza kubeba toka mwanzo kiasi cha maji ya kuacha, mahali pa kuyaachia, na mabomba ya manyunyu, na gharama yake ingezama ndani ya bei ya zege. Kwa fundi, kubadilisha kitu kwenye karatasi na kubadilisha kitu kilichokwisha kumwagwa saruji ni bei mbili tofauti kabisa. Yale mabilioni yanayokukera, sehemu kubwa ni tofauti ya bei hizo mbili.

Maji yalipogeuzwa, manyunyu yalikatika ghafla. Majani yalianza kukauka, magugu ya nchi kavu yakaingia, vyura wakajikusanya kwenye vijisehemu vilivyobaki na unyevu. Mwishoni mwa 2000 walikamatwa 499 wakapelekwa Marekani, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx jijini New York na kwingine. Mwaka uliofuata mabomba yenye vinyunyizi yalikuwa yanafanya kazi korongoni, maji yakisukumwa na mteremko wenyewe bila pampu. Watu walicheka sana mabomba yale. Yalifanya kazi. Majani ya unyevu yalirudi, na Juni 2003 hesabu ya vyura ikakaribia 21,000.

Kisha, ndani ya wiki chache za katikati ya mwaka huo huo, wakaanguka. Januari 2004 watafiti walipita eneo lote wakaona watatu kwa macho na kusikia madume wawili wakiita. Mwaka mmoja hivi baadaye hakuonekana tena hata mmoja. Mwaka 2009 chama cha kimataifa cha uhifadhi, IUCN, kilimwandika kuwa ametoweka porini.

Aliyewamaliza anaitwa kitridi. Ni kuvu isiyoonekana kwa macho, inayoishi kwenye maji na tope na kula ngozi ya chura. Ngozi kwa chura ni pafu, ni figo, ni kinywa: anavuta hewa kwayo na kunywa maji kwayo. Kuvu ikiziba ngozi, chumvi za mwilini zinavurugika na moyo unasimama. Uchunguzi wa vinasaba uliotoka 2018 ulionyesha asili yake ni Asia ya Mashariki, na biashara ya vyura ya karne ya 20 ndiyo iliyoisambaza. Hesabu iliyotolewa mwaka uliofuata iliitaja kuhusika na kupungua kwa spishi 501 za amfibia duniani, 90 kati yake zikidhaniwa zimekwisha kabisa. Hakuna ugonjwa mwingine unaojulikana uliomaliza aina nyingi za wanyama kiasi hicho. Wapo waliolaumu pia tope lililofunguliwa kutoka bwawani kipindi hicho hicho, kwamba lilibeba mabaki ya viuatilifu vya mashamba ya juu. Huenda lilichangia. Lakini aliyekuwa juu ya ngozi za maiti ni kitridi.

Sasa nije kwenye haki ya mtafiti, na hapa nitajisema mwenyewe.

Nilishuka korongoni kabla ya 2003, na gambuti ambazo wiki iliyotangulia zilikuwa kwenye kijito kingine cha milima hiyo hiyo. Nilizisuuza mtoni, nikaona zinatosha. Zilikuwa na ufa mdogo kwenye kisigino cha kulia na tope lilikuwa linakaa humo. Nakumbuka kwa sababu nilikuwa nalitoa kwa kijiti jioni, tukisubiri chai. Hakuna aliyethibitisha kuvu iliingia kwa mguu wa nani. Inaweza kuwa fundi wa mabomba, inaweza kuwa mtafiti, inaweza kuwa mnyama aliyetangatanga. Ila korongo lile kwa karne nyingi lilikuwa halipitiki na watu, na miaka ile tulipita wengi, tukiwa na nia njema na viatu vilivyolowa. Siku hizi huwezi kushuka bila kuloweka viatu kwenye beseni la dawa. Sheria hiyo ni nzuri. Iliwekwa wakati mwenye nyumba ameshaondoka.

Ndiyo maana mwanafunzi wangu akija na andiko la utafiti, kabla sijasoma takwimu zake namuuliza: kwenda kwako kule kutamgharimu nini huyo mnyama? Kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na cha TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, anacho, vizuri. Kibali kinakuruhusu kwenda. Hakikuoshei viatu.

Kuhusu kuua, umesikia kweli. Tunaua. Spishi mpya haiwezi kutambulishwa kisayansi bila sampuli iliyohifadhiwa ambayo wengine wataichunguza, na kwa vyura hiyo kwa kawaida ni maiti kwenye mtungi. Nina wenzangu wanaoona hilo ni uhalifu, hasa kwa mnyama mwenye hekta 2 tu duniani. Mimi nilikuwa naelekea kukubaliana nao, mpaka mitungi ile ilipofunguliwa tena. Miaka mingi baada ya anguko, vyura waliohifadhiwa walipimwa kitridi. Waliokusanywa kabla ya anguko hawakukutwa nayo; wa wakati wa anguko walikuwa nayo. Bila maiti wale tungekuwa bado tunabishana kama kuvu ilikuwepo siku zote na ukame ndio uliowadhoofisha, au kama iliingia mgeni. Wale wachache kwenye mitungi ndio mashahidi pekee waliobaki wa kipindi kile.

Hilo halinipi leseni ya kujaza mitungi. Kuna desturi ya zamani ya kukata ncha ya kidole cha chura ili umtambue ukimkamata tena. Kwa chura mkubwa watu wanabishana, kwa chura wa ukubwa huu mimi nakataa. Kumpima kuvu leo kunatosha kupitisha kijiti cha pamba tumboni na mapajani, kisha unamwachia. Kila mwaka njia za kumjua mnyama bila kumuumiza zinaongezeka. Mtafiti anayeendelea kukata kwa sababu ndivyo alivyofundishwa chuoni hana utetezi kwangu.

Safari ya Marekani nayo ina upande ambao semina hazisemi. Wale 499 wengi walikufa huko. Hakuna aliyewahi kufuga chura anayezaa chenga za mchele na kutaka ukungu wa baridi saa 24. Magonjwa ya ndani, taa zisizofaa, chakula kisichokamilika. Kufikia 2004 walibaki chini ya 70, na wakati huo huo korongoni wanakwisha. Yaani spishi nzima iliingia kwenye masanduku machache ya vioo, Bronx na Toledo huko Ohio, ikitegemea kama mlinzi wa zamu amekumbuka kuangalia maji. Walijifunza polepole: maji yachujwe, taa iwe na mionzi ya jua inayofaa, wadudu wadogo kuliko sisimizi wapakwe vitamini. Vyura wakaongezeka hadi maelfu. Agosti 2010 mia moja walirudi kwa ndege hadi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye chumba kilichoandaliwa, na mwishoni mwa 2012 vyura walianza kurudishwa korongoni penyewe. Ilikuwa mara ya kwanza duniani kwa amfibia aliyetangazwa kutoweka porini kurudishwa nyumbani kwake.

Ukimuuliza mtu anayejali uhai wa kila mnyama mmoja mmoja, atasema yule chura aliyekufa kwenye sanduku New York hakufaidika chochote na habari kwamba spishi yake imeokoka. Atakuwa sahihi. Chura hajui neno spishi. Sisi ndio tunaolijua, na tuliwafanyia wale 499 jambo ambalo lilikuwa kwa ajili ya wajukuu wao na kwa ajili ya dhamiri yetu. Mimi naona ilikuwa halali, lakini kwa sababu moja tu: sisi ndio tuliowafungia bomba. Angekuwa anakufa kwa jambo lisilo mkono wetu, ningefikiri mara tatu kabla ya kuunga mkono kuwafungasha kwenye ndege.

Na faida? Ukikutana na mtafiti anayekuahidi kwamba ndani ya chura huyu kuna dawa ya saratani, mkwepe. Anatafuta fedha. Inawezekana siku moja kikapatikana kitu, lakini huwezi kumjengea kiumbe haki ya kuishi juu ya "inawezekana", maana siku maabara ikisema hakuna kitu, haki imekufa. Ninachoweza kukwambia bila kupepesa ni kwamba duniani kuna aina zaidi ya 7,000 za vyura, na wanaozaa badala ya kutaga ni wachache mno. Kundi kubwa la hao liko kwenye milima ya Tao la Mashariki, kuanzia Taita huko Kenya kushuka hadi Udzungwa, milima ambayo misitu yake ilidumu na unyevu wakati maeneo ya jirani yakikauka na kupata maji na kukauka tena. Kwenye korongo hilo hilo kuna mkahawa wa porini, Coffea kihansiensis, nao jina umelipata pale. Mahali penye ukubwa wa shamba lenu palitengeneza vitu ambavyo havikutengenezwa kwingine. Kama hilo halikugusi, sitakulazimisha. Hata mimi kuna siku nikishuka na magoti yananiuma halinigusi.

Lakini hoja yangu haitegemei uzuri wake. Tulichukua maji yake na tunayauza kwa uniti. Mtu akichukua cha mwenzie anadaiwa, awe mwenzie mzuri au mbaya wa sura.

Swali linalobaki ni nani alipe, na hapa ndipo hasira yako ilipo na haki, ingawa umeielekeza kwa mtu asiyehusika. Sehemu kubwa ya fedha za kunusuru Kihansi ilikuja kama mkopo wa Benki ya Dunia, wenye masharti nafuu, ndiyo, lakini mkopo. Fedha zile hazikwenda kwa vyura tu: zilihusu usimamizi wa vyanzo vya maji juu ya bwawa, haki ya maji ya mtambo, na pia kujenga mfumo wa sheria uliozaa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Kwa hiyo mtu anapokutajia mabilioni ya vyura, muulize amejumlisha nini. Hata hivyo mkopo ni mkopo. Dunia nzima inasema chura yule ni urithi wa wote, kisha risiti inaandikwa jina la Mtanzania. Mimi sioni uungwana hapo. Kama ni cha wote, na gharama iwe ya wote. Taasisi zilizokopesha mradi wa umeme kabla hakujachunguzwa vya kutosha ziko miongoni mwa hao wote.

Aliyeumia zaidi hata hukumtaja. Panda juu ya bwawa, upande wa Iringa. Huko watu wanalima vinyungu, vile vishamba vya mabondeni vinavyoshika unyevu wakati kwingine kumekauka. Ndiyo mboga za kiangazi, ndiyo mahindi mabichi ya Novemba, ndiyo ada ya shule. Sheria inakataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji, na kinyungu kwa asili yake kiko ndani ya hizo mita 60. Nimekaa na mama mmoja huko, ameshika jembe, akaniuliza: "Baba, maji nikiyaacha yakafika bwawani yanakuwa umeme. Umeme unauzwa. Mimi nauziwa nini?" Sikuwa na jibu, nikaangalia viatu vyangu, ambavyo wakati huo vilikuwa vimeoshwa vizuri sana.

Tembo akikanyaga shamba, sheria zetu zina kifuta jasho. Akiua mtu, kuna kifuta machozi. Ni kidogo na kinachelewa, lakini angalau neno lipo. Kwa anayeacha kinyungu chake ili mto ubaki mto, sijaona jina la malipo yake. Ningekuwa na uwezo wa kubadilisha jambo moja katika mambo yote ya Kihansi, lingekuwa hilo: senti kadhaa katika kila uniti inayotoka pale zirudi juu kwa watu wa vijito, kabla hata ya kwenda kwa chura. Chura mwenyewe angenufaika, maana anayelipwa kwa maji safi ndiye mlinzi wa kwanza wa maji safi.

Uliuliza pia tulijua wapi pa kuishia. Mwongozo wa IUCN wa 2013 kuhusu kurudisha wanyama porini unataka kwanza kilichowamaliza kijulikane na kidhibitiwe. Kihansi ukame tuliudhibiti kwa mabomba. Kitridi hatuwezi kuitoa, kwa sababu inaweza kuishi kwenye ngozi za vyura wengine wa korongo wasiokufa nayo. Kwa hiyo zile awamu za kuwarudisha ni kuwatia kwenye nyumba ambayo muuaji bado yumo, tukitumaini kwamba wachache watamzoea na kuzaa wanaomzoea zaidi. Wenzangu wanasema tuendelee bila kikomo. Mimi nasema tuweke kikomo na tukitangaze: idadi ya awamu, miaka ya kusubiri, dalili tunazotaka kuziona, kwa mfano vyura wazima waliozaliwa korongoni wenyewe wakizaa. Tusipoziona, tusimamishe kuwaachia, tubaki na wale wa kufugwa, na fedha ziende kwenye vijito vya juu na kwenye korongo jingine ambalo bado halijaingiwa. Kuna watu watanichukia kwa sentensi hiyo. Kila kundi linaloachiwa ni viumbe hai wanaokwenda kujaribu kinga kwa miili yao, na jaribio lisilo na mwisho uliopangwa mimi siliiti uhifadhi.

Kuhusu kuwaona: korongoni hushuki bila kibali, na mimi sitakusaidia kukipata kwa ajili ya kutalii. Njia ni mbili. Kuna wanaofugwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hapo unaweza kuandika barua kupitia chuo chako. Njia ya pili ni fani yako. Vinyunyizi vya korongoni vinaziba kwa mchanga, mabomba yanapasuliwa na mawe, na vyumba vya kufugia vina vipoza joto na pampu ambazo umeme ukikatika havisubiri. Mafundi wanahitajika kuliko wanabiolojia, nakwambia ukweli. Ukifika siku hiyo, leta gambuti mpya zisizo na ufa, na kwenye beseni la dawa usiwe na haraka. Simama humo, geuza kisigino, acha povu liingie kwenye kila mfereji wa soli, ndipo ushuke.